Muhogo wa Kijani na Msumari wa Yaya Kazadi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wa nyumba hii na wa nyumba za jirani hapa Kasulo, Kolwezi, kaeni vizuri. Mnaiona picha ya yaya Kazadi ukutani, amevaa joho jeusi la avoka, wakili, na kitambaa cheupe shingoni, na mnasema: huyu alizaliwa na kitabu mkononi. Yaya, kwetu, ni kaka mkubwa; mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, na hakuna aliyeniambia habari ya kitabu. Niliambiwa alizaliwa analia sana, basi. Kazi ile iliyompeleka mpaka kwenye kiti cha juji ilianza kwa muhogo, kwa msumari mmoja, na kwa uongo. Uongo ulikuwa wangu mimi, nkambo wenu, bibi yenu.

Masomo yangu yalikwisha mwaka wa tatu kwa masera, watawa wa misheni, kwa hiyo, mwanangu, usitafute maneno makubwa hapa. Nitaandika kama ninavyosema.

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, baridi ile ya Kolwezi inayong'ata vidole, nikiwa msichana wa miaka kumi na tatu. Lakini kwanza mjue mahali penyewe. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Tata, baba yetu, alikuwa ameletwa kutoka Kasai akiwa kijana, kuja kufanya kazi ya shaba, na tuliishi katika kampi ya wafanyakazi: nyumba za matofali zenye sura moja, mstari baada ya mstari, kila mlango na namba yake. Ukirudi umechoka ungeweza kuingia kwa mwingine na kuketi. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na site, mtaa wa watu weusi ambao hawakuwa watu wa kampani: madereva wa malori, mafundi cherehani, wafanyabiashara waliotoka Maniema na mchele wao. Sisi tulikuwa Wakristo, wengi wao walikuwa Waislamu. Tulinunua mchele kwao, tulisalimiana, kisha kila mtu kwake.

Yaya Kazadi alikuwa na miaka kumi na sita, na hakuna jambo lililopita mbele yake bila kuulizwa. Siku moja ya posho mama aligawa samaki. Kichwa kikaenda kwa tata, kama siku zote.

"Mama," yaya akasema, "kichwa iko ya tata sababu ni mukubwa, ao sababu anaipenda?"

"Sababu ni mukubwa."

"Basi kama haipendi, anaweza kupa mwingine?"

Tata alikuwa mtu wa maneno machache. Alikitazama kichwa cha samaki, akamtazama mwanawe, akasukuma sahani. "Kamata. Na unyamaze."

"Huyu njo avoka ya kichwa ya samaki," mama akasema. Jina likabaki. Kampi nzima ilimwita Avoka, na haikuwa sifa. Shuleni padri aliwauliza wanafunzi kila mmoja anataka kuwa nani. Wakasema karani, mwalimu, mganga. Yaya akasema avoka. Darasa likacheka mpaka padri naye akacheka, bila ubaya, akamwambia hiyo ni kazi ya Wazungu. Na kweli, kati yetu hakuna aliyewahi kumwona avoka mweusi. Yaya alirudi nyumbani akauliza mama: "Kazi iko na rangi?" Mama akamtuma kuni.

Sasa muhogo. Ninyi mnanunua unga umekwisha kusagwa, hamjui taabu yake. Muhogo mchungu hauliwi hivi hivi. Unaulobeka majini siku tatu ao nne mpaka ulainike na uchungu utoke, ndipo unauanika. Wamama wa kampi na wa site walikuwa na mashimo yao kandokando ya kijito, kila mmoja na shimo lake, na alama yake ni kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Mashimo manne ya juu yalikuwa ya wamama wa site. Chini yao kulikuwa na mfereji mpya, umechimbwa siku chache tu zilizopita, ukileta maji kutoka upande wa mashini za kuoshea mawe ya shaba. Chini ya mfereji yalianza mashimo yetu. Hakuna aliyeutazama ule mfereji. Kolwezi kila siku kulikuwa na mfereji mpya mahali fulani.

Asubuhi hiyo mama alinituma kuangalia kama muhogo umelainika. Kulikuwa kunapambazuka, jua halijatoka. Nikamwona, juu kabisa, kupita mashimo manne, mwanamke amechutama kwenye maji. Alikuwa Mama Zaina, mke wa dereva Ramazani, aliyetuuzia mchele. Nikajiingiza katika majani marefu, sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu alikuwa peke yake na hakuniona, na mtoto akiona mtu mzima asiyejua anaonwa, anapenda kubaki.

Aliosha mikono mara tatu. Akatia maji kinywani, akatema, mara tatu. Akavuta maji puani. Akaosha uso, akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, akapitisha maji kichwani, akaosha miguu. Na midomo yake ilikuwa inacheza, anasema kitu polepole peke yake. Kisha akajaza ndoo yake, akaiweka kichwani, akaenda. Mimi nikarudi mbio nyumbani, muhogo wenyewe sikuutazama.

Niliona hayo tu, mwanangu. Mikono, kinywa, pua, uso, viwiko, kichwa, miguu, ndoo. Yashike vizuri, kwa sababu mimi sikuyashika.

Kesho yake Mama Kapinga, jirani yetu wa mlango wa pili, alikwenda kutoa muhogo wake, na sauti yake tuliisikia kabla hatujamwona. Muhogo ulikuwa umegeuka kijani. Si kijani ya kuoza, kijani ya kung'aa, kama jiwe lile ambalo tata zenu wanalichimba. Wamama wote wakakimbia. Wake, kijani. Wa mama, kijani. Mashimo yetu yote, chakula cha juma zima.

"Nani alikuya hapa?" Mama Kapinga akauliza. "Nani aliona muntu hapa?"

Mimi nikajibu haraka, kama darasani: "Mi nilimuona Mama Zaina."

Hayo yalikuwa kweli. Ningenyamaza hapo, msingesoma barua hii. Lakini Mama Kapinga alinishika mabega. "Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anatia mikono mu mayi. Na anasema maneno."

"Maneno gani?"

"Siyui. Polepole."

Wamama wakatazamana. Nikaona macho yale, na nikasikia utamu. Sikufichi. Mimi msichana wa kutumwa maji na kuni, leo wamama kumi wananizunguka na hakuna anayekohoa. Tulirudi kampi, nikapewa kigoda. Kigoda, mimi. Kila mama aliyefika alitaka kusikia tangu mwanzo, na kila nilipoanza upya habari ilikuwa imekua kidogo. Mmoja akauliza: "Na kile alikuwa nacho mu mukono, kilikuwa nini?" Sikuwa nimesema alikuwa na kitu. Lakini aliuliza kana kwamba nilisema, nikaona aibu kumwangusha. Nikasema kitambaa. Aliyefuata akauliza kama kitambaa kilikuwa kimefungwa. Nikasema kilifungwa. Kilifunga nini? Unga mweusi. Saa ya chakula cha mchana nilikuwa nimemwona Mama Zaina akifungua kitambaa na kumwaga unga mweusi majini. Na hili ndilo la ajabu, mwanangu: nilikuwa ninauona kweli. Nikifumba macho, kitambaa kile pale. Wamama walinipa habari ile kipande kwa kipande, na mimi nikairudisha kwao kama yangu.

Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alinitazama mara moja, akaendelea kutwanga.

Mambo hayakubaki kwenye kigoda. Wamama walikwenda kushitaki kwenye tribinali ya site, mahali wazee weusi walipohukumu mambo ya weusi. Mtu aliyeonekana kuharibu chakula cha watu kwa dawa alinyang'anywa kibali cha kukaa. Mama Zaina angefungasha vitu vyake na watoto wake watatu, atoke Kolwezi, na mume wake alikuwa njiani na lori, hajui lolote. Kabla hata ya siku ya hukumu, hakuna aliyenunua mchele wake tena. Nilimwona ameketi mbele ya kapu lililojaa, mtoto mgongoni, anafukuza nzi.

Yaya Kazadi aliniuliza nikiwa ninaosha vyombo. Hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Ile kitambaa ilikuwa rangi gani?"

"Nyeupe."

"Kwa Mama Kapinga ulisema nyekundu."

"Ilikuwa nyeupe na nyekundu."

"Aah. Na alikuwa juu ya mashimo ine, ao chini?"

"Juu. Juu kabisa."

"Na ile muhogo ya mashimo ine, iko namna gani?"

Niliendelea kusugua sufuria. Hakuna aliyekwenda kuutazama. Yaya akaweka daftari lake chini, akatoka, na hakurudi mpaka bukari, ugali wetu wa muhogo, ilipoanza kupoa. Aliporudi suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini, na mikononi alikuwa na vipande viwili vya muhogo. Kimoja kijani. Kingine cheupe kabisa, cheupe kama jino.

Akaviweka mbele ya tata. "Tata, ile mayi ya mufereji inatoka wapi?"

Tata alifanya kazi kwenye mashini zile. Aligeuza kipande cha kijani, akakinusa. "Ku kazi, tukisahau funguo ya chuma mu ile mayi," akasema, "tunaitoa iko nyekundu. Inavaa shaba." Kisha akala. Kwa tata hiyo ilikuwa hotuba.

Yaya hakula. Alikwenda nyuma ya nyumba kutafuta misumari.

Nilitaka kumwambia hapo hapo. Badala yake nikakusanya sahani. Niliwaza kigoda. Niliwaza jinsi Mama Kapinga angenitazama. Nikajiambia labda juji hataniuliza mengi.

Tribinali ilikuwa banda la bati bila kuta, wazee watatu nyuma ya meza, karani pembeni na kitabu chake. Juji mkubwa alikuwa mzee wa Kilunda, mwembamba, amevaa koti zito hata jua likiwaka. Watu walijaa mpaka nje. Mama Zaina alisimama mbele, mtoto mgongoni, ukaya kichwani, na hakulia. Juji akamuuliza alifanya nini kijitoni. Akajibu kwa Kiswahili chao kile kizuri cha Maniema: "Nilikuja kuchota maji, mzee. Wakati wa kusali ukanikuta, nikatawadha pale pale." Wamama wa kampi wakanguruma. Kutawadha, sisi hatukujua ni nini. Tulidhani ndilo jina la dawa.

Nikaitwa. Nikasimulia. Kitambaa, fundo, unga mweusi. Sauti yangu ilitoka nzuri sana, nilikuwa nimeizoeza. Juji akaandika kidogo, akashusha kalamu, na mimi nikaona Mama Zaina amenikazia macho. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka tulionana wapi.

Ndipo yaya Kazadi akainua mkono.

"We ni nani?" juji akauliza.

"Mi ni yaya yake, tata juji."

Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema: "Avoka ya kichwa ya samaki amefika." Wakacheka zaidi. Juji mwenyewe alificha mdomo kwa koti.

"Unakuya kusaidia ndugu yako?"

"Hapana, tata juji. Nakuya kumuuliza, kama unaitikia."

Wazee watatu wakanong'onezana. Karani akainua mabega. Juji akasema: "Uliza. Lakini fupi. Banasema we uko na mudomo murefu."

Yaya akanigeukia.

"Ngalula. Asubuhi ile, ulisimama wapi?"

"Mu majani."

"Mama Zaina alikuwa anakuonyesha mugongo, ao uso?"

"Ubavu."

"Ya kwanza kabisa, kabla hauyasema na muntu, macho yako iliona nini?"

"Aliosha mikono. Mara tatu."

"Kisha?"

"Mudomo. Pua. Uso." Nikayasema yote kwa mpangilio wake, mpaka miguu, mpaka ndoo. Kila neno nililosema, Mama Zaina alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kama mwalimu anayesikiliza somo.

"Kitambaa haukuisema," yaya akasema.

Nikaanza kukunja pindo la gauni langu.

"Ngalula. Ile kitambaa, uliiona, ao balikuambia uliiona?"

Nilimsikia nzi. Mama alikuwa amesimama mstari wa mbele, mikono imefungwa, na uso wake haukunisaidia upande wowote. Nikasema: "Baliniambia." Kisha nikalia, na katika kulia nikasema yote, kigoda na yote. Mtu akacheka nilipofika kwenye kigoda, na leo hii sioni kosa lake.

Mama Kapinga akasimama. "Basi muhogo yangu ilijigeuza yenyewe?"

"Mama Kapinga," yaya akasema kwa heshima, "kama ni dawa ya Mama Zaina, mayi ilipita kwanza ku mashimo ine ya juu. Ile muhogo iko nyeupe. Dawa iliruka namna gani mashimo ine, ikaanguka ku yetu?" Akatoa mfukoni kile kipande cheupe, akaweka mezani. Halafu misumari miwili. "Tata juji, ukiwa na nguvu ya kutembea kidogo."

Tribinali nzima ikashuka kijitoni. Juji alikunja suruali, koti likiwa palepale, na mzee mwingine aliteleza matopeni akashikwa na karani, na kitabu kikaanguka. Yaya akachota maji ya juu kwenye kopo moja, maji ya mfereji kwenye jingine, akatia msumari katika kila kopo. Tukangoja. Mama mmoja alikuwa na munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye kibuyu, akampa juji anywe. Kabla juji hajamaliza kunywa, mtoto mmoja akasema: "Unavaa." Msumari wa kopo la mfereji ulikuwa umeanza kuwa mwekundu, polepole, kama mtu anayeona haya. Ule mwingine ulibaki msumari.

Juji akautoa, akausugua kwa kidole, akatazama upande wa mashini kule juu. Akasema Mama Zaina hana neno, kibali chake ni chake. Akasema wamama wahamishe mashimo yao juu ya mfereji, kesho.

"Na mufereji, tata juji?" yaya akauliza. "Mufereji nani anaiita mbele ya tribinali?"

Mzee yule akaushusha mguu mmoja wa suruali, kisha wa pili. Alichukua muda wake. "Hii tribinali ni ya bantu beusi, mutoto wangu. Mufereji ni ya Muzungu. Kuiita, inaomba avoka. Na avoka ni Muzungu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Yaya aliufunga msumari mwekundu katika kitambaa, akautia mfukoni, tukapanda kilima. Siku zile nilidhani alikuwa amekasirika tu.

Mchana huohuo mama alinikamata mkono. Alibeba bakuli la unga mweupe, ule wa mwisho tuliokuwa nao, na kuku wetu mmoja. Kwetu mtu aliyesingiziwa akaonekana safi, aliyemsingizia humpaka unga mweupe mikononi, mbele ya watu, ili kila mmoja aone. Tulivuka kijito, watu wote wa site wakitoka milangoni kutazama. Mama akasema: "Mupake." Nikapiga magoti, nikampaka Mama Zaina unga mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mpaka kwenye viwiko.

Mama Zaina akaitazama mikono yake. "Haya," akasema, "umenipa kazi. Sasa itanibidi nitawadhe upya."

Mama alikuwa wa kwanza kucheka, kisha site nzima. Akaleta maji, akatawadha mbele yetu, na mimi nikihesabu: mikono, kinywa, pua. Alipofika kwenye miguu alinigeukia, na hapo hakucheka.

"Mwanangu, pale majanini mpaka kwangu palikuwa hatua ngapi?"

"Ishirini, mama."

"Na mdomo ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

"Ungeniuliza. Ungesema tu, Mama Zaina, unafanya nini? Ningekujibu, na ungekwenda zako kuangalia muhogo."

Kisha akatupakulia wali. Lile shauri, la hatua ishirini, nimelibeba mpaka uzee huu, na ni zito kuliko ndoo.

Mengine ya yaya Kazadi mnayajua. Karani wa tribinali alimwomba aje kumsaidia kuandika siku za mapumziko ya shule, na hivyo akaanza kusikia mashauri ya watu. Alipomaliza masomo ya mapadri alibaki pale kama karani miaka michache. Wabelgiji walipoondoka na milango ikafunguliwa, alikwenda kusoma sheria katika mji mkuu, mtu mzima kati ya vijana. Mama alimtumia samaki wakavu kila alipopata mtu wa kusafiri, pamoja na vichwa. Alirudi akiwa avoka kweli. Angeweza kubaki kule kwenye nyumba zenye ngazi. Alirudi hapa, akafungua ofisi ya chumba kimoja yenye benchi nje, na kwenye benchi hilo waliketi wajane waliotolewa katika nyumba za kampi, wachimbaji walioporomokewa, wamama wa sokoni. Wengine walilipa kwa muhogo. Mweupe, alikuwa anaukagua. Na mfereji ule, baada ya miaka mingi na barua nyingi, aliuita. Ulikuja. Si wenyewe, alikuja bwana mmoja na tai na makaratasi, lakini mfereji ukageuzwa njia, na mimi nilikuwa nimeketi mstari wa mbele nimevaa kikwembe kipya. Baadaye wakampa kiti cha juji, akakaa humo mpaka macho yalipochoka. Kila shahidi aliyesimama mbele yake aliulizwa swali lile lile nililoulizwa mimi. Wengine walidhani analitoa katika sheria.

Msumari ulipotea tulipohama nyumba. Msije kunitafutia, nimekwisha kuutafuta.

Kwa hiyo, mwanangu, shauri langu ni hili, na sitalipamba. Usiseme umeona kitu ulichoambiwa. Hata kama aliyekuambia ni mama yako, hata kama wote wanaokuzunguka wanataka kusikia, hata kama wamekupa kigoda. Mtu akikuuliza kwa namna inayokupa jibu, simama, jiulize kama jibu hilo ulikuwa nalo kabla yake. Na ukiona mtu anafanya jambo usilolijua, tembea hatua zako ishirini ukamuulize. Atakayeweza hilo, hata asiposoma zaidi ya mwaka wa tatu, anaweza kusimama mahali popote aliposimama yaya Kazadi. Na aliyesoma bila hilo, joho lake ni nguo tu.

Mungu awape macho mazuri, na mdomo unaoyafuata macho bila kuyapita. Awape chakula cheupe. Awape ndugu wa kuwauliza maswali mbele ya watu, na moyo wa kumshukuru ikiisha aibu.

Juzi mjukuu wangu Mbuyi aliingia hapa anahema, akasema ameona jirani yetu wa nyuma anachimba shimo la kobalti mpaka chini ya chumba chetu cha kulala. Nikamuuliza ameona wapi. Akanionyesha simu. Nikawaita wote, wakubwa kwa wadogo, hata mkwe wangu aliyekuwa anaoga, nikatoa amri, na ninaiandika hapa ili asiwepo wa kusema hakuisikia:

Katika nyumba hii, anayeingia na habari ya mtu atabaki amesimama mlangoni mpaka aseme kwanza: niliona, ao niliambiwa. Akisema niliambiwa, atageuka, ataenda kwa mwenyewe, atabisha hodi na kumuuliza. Tutamngojea. Hakuna atakayegusa bukari mpaka arudi, hata ikiwa baridi, hata ikiwa mimi ndiye mwenye njaa.